Tawi la Madanzi

Maricruz alimwapisha baba yake mara mbili kabla hawajashuka garini. Mwaka juzi mzee alikuja kwenye matembezi haya, ambayo Maricruz huwaongoza watalii kutazama nyumba za waigizaji wa zamani, akawatangazia wageni kwamba yule mwigizaji waliyekuwa wakimsifia urembo hakuwahi hata siku moja kuosha miguu kabla ya kuingia bwawani. Wageni walivunjika mbavu. Tajiri wa Maricruz hakucheka. Kwa hiyo safari hii Refugio Landeros, ambaye watu wa kazi wote wa Palm Springs wanamwita Don Cuco, alikubali kufunga mdomo. Akavaa kofia yake ya ukindu, akashika fimbo, akajiweka nyuma ya kundi la wageni kumi na wawili waliokimbia theluji ya kwao.

Kukubali alikubali, lakini moyoni alikuwa na lake. Mkewe, Amparo, walimzika Agosti, siku ya joto ambalo hata mbwa hatii pua nje. Kulikuwa na jambo moja lililojulikana na watu wawili tu duniani, na sasa amebaki mmoja, ana miaka themanini na moja na moyo unaopiga unavyojisikia wenyewe. Akiondoka naye, basi, limekwisha. Maricruz lazima alijue, na lazima aambiwe leo, pale penyewe. Aanzie wapi, hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Miaka hamsini walilificha, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mazoea tu.

Wakatembea. Asubuhi ya Februari katika mtaa wa Las Palmas ni tamu, jua halijawa na hasira na mlima San Jacinto umekaa karibu utadhani unaweza kuugusa. Maricruz alizitaja nyumba kwa majina ya nyota wa filamu walioishi humo. Cuco alizitaja kimoyomoyo kwa miti yake. Hapa palikuwa na mkomamanga, wameung'oa. Hapa aling'atwa na mbwa wa kizungu mwenye jina refu kuliko la askofu. Na nyasi, jamani, majani yote wameyaondoa, wamemwaga kokoto na kuchomeka michongoma ya jangwani. Zamani ikifika Oktoba ninyi watunza bustani mliyanyoa majani ya kiangazi mpaka udongo, mkapanda mbegu za baridi, mkatandaza samadi, mtaa mzima wa mabilionea ukanuka zizi. Mkinusa hivyo mnajua matajiri wanarudi kutoka Los Angeles na kazi ipo. Cuco aliikumbuka harufu ile, akafuta macho kwa ukingo wa kofia. Nani angemwambia kwamba atakuja kulilia samadi!

Wakafika kwenye ukuta wa rangi ya waridi, nyumba ya mwisho. Mti ulichungulia juu ya ukuta, upande mmoja mabalungi ya njano, upande wa pili matunda madogo mekundu kama kaa la moto. Getini palikuwa na sanduku la matunda, kama ilivyo desturi ya majira haya: mwenye mti huweka yaliyomzidi, mpita njia huchukua, hakuna wa kuulizwa.

Maricruz akafungua kijitabu cha kampuni. Akasema hapa aliishi Vivienne Ashcombe, na kwamba mwaka 1968 yeye na mpenzi wake wa siri, mwigizaji Dexter Hollis, walibebesha, yaani kupandikiza, tawi la mchungwa mtamu kwenye mbalungi huu kwa mikono yao wenyewe, liwe ishara ya penzi lililokatazwa. Wageni wakaguna kwa huruma, wakainua simu zao.

Cuco aliuma fimbo, kwa kweli aliiuma. Dexter Hollis! Alikuja mara moja, akatapika kwenye mawaridi, akaondoka. Na Bi Vivienne hakujua mkasi unashikwa upande gani. Alichojua ni sheria yake moja: mfanyakazi wa kiume na wa kike wakianza kupendana, wote nje. Amparo alikuwa dobi wa nyumba hiyo, na dirisha lake la kupigia pasi lilitazama mti huo. Siku moja alisema, tena kwa kupita tu, kwamba kwao Michoacán mlangoni palikuwa na mchungwa mtamu na anaukumbuka. Cuco, mtunza bustani wa nyumba hiyo, hakuwa na la kumpa. Alfajiri akaruka ukuta wa jirani, akakata jicho la mchungwa, kile kitumba cha kuchipua, akalibebesha upande wa dirisha.

Wakasubiri miaka mitatu. Tunda la kwanza Amparo alilimenya dirishani, akatia kipande mdomoni, machozi yakamtoka. Danzi! Danzi tupu, chungu na kali. Kwa pupa na giza Cuco alikuwa amekata jicho kwenye chipukizi lililoota chini ya kiungo, kwenye lile shina la mdanzi ambalo mchungwa wa jirani ulibebeshwa juu yake, kosa ambalo hata kibarua wa siku ya kwanza hafanyi. Aibu ilimmaliza. Amparo alikula tunda zima, akajifuta mdomo, akasema ataolewa naye, maana mjinga wa namna hii hafai kuachwa peke yake.

Mgeni mmoja, bibi mwenye miwani mikubwa, aliokota tunda moja jekundu sandukuni alionje penzi la Vivienne. Akauma, akatema, uso ukamkunjamana, wenzake wakacheka. Maricruz aliona haya. Akasema labda halijaiva, akamenya jingine, akatia kipande mdomoni. Hakutema. Alitafuna taratibu, kisha akaacha kutafuna, akamtafuta baba yake kwa macho.

"Baba," alisema. "Hii ndiyo ladha ya jamu ya mama."

"Ndiyo."

"Mama alisema machungwa yake anapewa na mtunza bustani mmoja mjinga."

"Ndiye huyu, mwanangu."

Akamweleza palepale, kwa maneno machache, dirisha, ukuta wa jirani, jicho, na kila Februari alivyopita kwenye sanduku hili na mfuko wake. Sauti ilimkatika alipofika kwenye jina la Amparo, hakuona haya. Maricruz alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga kijitabu, akawageukia wageni.

"Samahanini, nimewadanganya," alisema. "Naanza upya. Tawi hili alilibebesha Refugio Landeros, mtunza bustani wa nyumba hii. Alimbebeshea Amparo Landeros, aliyekuwa dobi wa nyumba hii. Alikosea, likazaa madanzi, na yule mama akayala miaka hamsini."

Hakuna aliyeinua simu. Cuco alivua kofia.

Wageni walipotawanyika, Maricruz aliinama akaanza kujaza mkoba wake kutoka sandukuni, akasema tajiri wake aseme atakalo. Kisha akauliza, bila kuinua uso, sukari inawekwa kiasi gani.

"Sijui," alisema Cuco. "Alikuwa akipika yeye. Mimi nilikuwa nakoroga tu."

"Basi utakoroga, baba."