Verlon Ahama Kiti cha Nyuma

Kwa karibu miaka ishirini Verlon Tidwell alivua samaki akiwa amekaa nyuma ya boti ya shemeji yake. Boti ilikuwa nzuri, na shemeji mwenyewe, Hoyt Gilliland, hakuwa mtu mbaya. Tatizo ni kwamba hakujua kunyamaza. Hoyt ndiye aliyesimama mbele, ndiye aliyeelekeza boti, na ndiye aliyetupa ndoana kwanza kila penye kisiki na kila penye majani. Verlon alitupa yake baadaye, mahali ambapo samaki wote walikuwa wameshapata habari.

Samaki wenyewe walikuwa besi, wale wa kijani wenye mdomo mpana, ambao kwa ajili yao watu wa Alabama ya kaskazini huacha kazi, ndoa na ibada. Verlon hakuwa ameacha chochote. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma soksi kule mjini Fort Payne hadi kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo alikuwa na nafasi tele ya kufikiri, hasa akiwa amekaa nyuma.

Jumamosi moja ya Februari, kwenye Ziwa Guntersville, alinyoosha kidole kwenye nguzo ya daraja.

"Pale kuna kitu," alisema.

"Pale hakuna kitu, shemeji," Hoyt akajibu, kisha akatupa ndoana pale pale.

Akatoka besi wa ratili tisa. Verlon alishika wavu, akamwingiza samaki botini, akampiga Hoyt picha na samaki huyo, kisha akampiga nyingine kwa sababu kwenye ile ya kwanza Hoyt alikuwa akiongea. Waliporudi kwenye mteremko wa kupandishia boti, watu wakakusanyika kutazama. Mmoja akauliza yule bwana mwingine ni nani.

"Huyu?" Hoyt akasema. "Huyu mshika wavu wangu."

Watu wakacheka. Verlon naye akacheka. Njia nzima kurudi nyumbani hakuwasha redio.

Alimkuta mkewe, Wynelle, jikoni akikaanga bamia.

"Nanunua boti," Verlon akasema.

Wynelle akageuza bamia. "Hoyt amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Hoyt huyu huyu mdogo wangu?"

Verlon akavua kofia, akaitundika, akaeleza. Wynelle alisikiliza hadi mwisho, akazima jiko. "Sawa," akasema. "Lakini nakwenda na wewe kuichagua. Kochi ulilochagua peke yako bado tunalo."

Walianzia duka la boti lililo kando ya barabara kuu, ambako kijana mwenye meno meupe sana aliyeitwa Brantley aliwapeleka moja kwa moja kwenye boti nyekundu iliyonyunyiziwa vimetameta kama kucha za bibi harusi. Ilikuwa na skrini tatu, na injini kubwa kuliko jokofu lao.

"Hii, mzee wangu, inakwenda maili sabini kwa saa," Brantley akasema.

"Samaki wanakwenda ngapi?" Wynelle akauliza.

Kijana akatabasamu. "Si hivyo, mama. Ni ili ufike penye samaki kabla ya wengine."

"Wengine ndio nani?"

"Wenye boti kama hii."

Wynelle akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akapanda, akakaa kiti cha mbele, akakaa cha nyuma, akafungua kila kisanduku na kukifunga. "Choo kiko wapi?"

Brantley akamtazama Verlon. Verlon akatazama injini.

"Watu wengi, mama, huwa na ndoo."

"Kwa bei hii," Wynelle akasema, "ndoo mnatoa?"

Ndoo hawakutoa. Verlon alikaa kwenye usukani kwa muda, akaushika, akajiona kwenye kioo cha mbele akiwa ametapakaa vimetameta, akateremka. Alipenda boti ile kuliko alivyotaka kukiri. Lakini alijua pia kwamba angekuwa anaogopa kuigusisha kisiki, na besi hukaa penye visiki.

Habari zilimfikia Hoyt kabla ya chakula cha jioni. Akapiga simu.

"Shemeji, kuna shida gani? Boti si tunayo?"

"Wewe unayo."

Hoyt akasema, "Basi ngoja nikusaidie. Usije ukauziwa bakuli."

Boti waliyoipata, mwezi wa Machi, ilikuwa ya Bwana Arvel Odom, mzee mwenye mgongo mbovu, ambaye tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwenye duka la kuuza chambo. Ilikuwa ya alumini, rangi ya kijani iliyofifia, na upande mmoja ulikuwa umebonyea.

"Hapo paligongwa na nini?" Verlon akauliza.

"Hapo ni mke wangu," mzee akasema. "Alikuwa anarudisha gari nyuma."

Verlon alifanya kazi aliyoijua. Alipiga ngumi ubao wa nyuma unaobeba injini, akisikiliza kama umeoza. Akazungusha magurudumu ya trela na kusikiliza tena. Akachomoa plagi za injini, akazinusa. Alitumia muda mrefu, na wakati wote huo Hoyt alisimama kando akieleza jinsi boti inavyokaguliwa.

"Tuipeleke majini," Verlon akasema.

Walikwenda na gari la mzee. Pale kwenye mteremko Bwana Odom akatoa mfukoni kizibo cha shaba, kile kinachoziba tundu la nyuma la kutolea maji, akasema boti isishuke bila hicho. Hoyt akakipokea kabla Verlon hajanyoosha mkono.

"Mzee, mimi nimeshusha boti hizi tangu nina nywele," akasema.

Bwana Odom alibaki ufukweni. Alisema yeye ameshaipanda vya kutosha. Verlon, Wynelle na Hoyt wakavaa makoti ya kujiokolea, Hoyt akakaa kwenye usukani ili, kama alivyosema, aisikilize injini kwanza, wakatoka taratibu hadi katikati ya ziwa. Hapo akazima injini ili aeleze vizuri. Alieleza upepo, alieleza mota ndogo ya umeme ya mbele, alieleza kwa nini alumini hupiga kelele na kuwatisha samaki.

"Hoyt," Wynelle akasema, "viatu vyangu vimelowa."

"Boti hukaa majini, dada. Ni kawaida."

"Vilikuwa vimelowa chini. Sasa vimelowa juu."

Verlon akatazama nyuma. Injini ilikuwa imeinama kama mtu anayetaka kukaa. Maji ya Machi, ya baridi kali, yalikuwa yakitambaa sakafuni yakibeba kopo tupu la chambo. Akabonyeza swichi ya pampu. Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Kizibo uliweka?" akauliza.

Hoyt alifungua mdomo kujibu. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi mfuko wa shati, ukagusa kitu kidogo kigumu, ukabaki pale. Uso ulimbadilika akawa mweupe kama maziwa ya kopo. Kwa mara ya kwanza tangu Verlon amfahamu, hakuwa na neno.

"Toka kwenye usukani," Verlon akasema.

Hoyt akatoka.

"Nendeni mbele nyote wawili. Mbele kabisa. Kaeni chini."

"Verlon," Wynelle akasema, "wewe umewahi kuendesha hii?"

"Hapana."

"Sawa," akasema, akatambaa mbele na kumvuta mdogo wake kwa kola.

Verlon alikuwa amekaa nyuma ya boti miaka mingi, na nyuma ndiko maji yanakotokea. Alijua kuwa boti ikikimbia, maji yaliyomo hutoka kwa tundu lile lile yaliloingilia, mradi isisimame. Akawasha injini, ikakubali. Akasukuma mkono wa kuongezea kasi hadi mwisho. Boti ikapandisha pua angani, ikanguruma, ikajikokota kama ng'ombe topeni, na kwa muda ambao Wynelle alisali sala nzima hadi amina, haikwenda popote. Kisha pua ikashuka, tumbo likanyanyuka juu ya maji, na wakaanza kuruka.

Maji yakarudi nyuma, yakapungua, yakaisha. Kopo la chambo likabaki kavu. Verlon akazunguka ghuba, akapita chini ya daraja, akarudi, akazunguka tena.

"Maji yameisha!" Wynelle akapiga kelele.

"Najua!" Verlon akajibu, akapita tena chini ya daraja.

Hatimaye akaielekeza kwenye mteremko, ambako Bwana Odom alikuwa ameshateremsha trela majini. Ikapanda trela mara ya kwanza, imepinda kidogo tu. Mzee akaja akichechemea.

"Mmeionaje?"

"Naichukua," Verlon akasema.

"Hukuona kasoro?"

"Kasoro ilikuwa imekaa mbele."

Wynelle akamgeukia mdogo wake, akanyoosha kidole nyuma ya boti. "Hoyt. Kakiweke."

"Dada, boti imeshatoka majini, sasa kizibo cha nini?"

"Nataka kukuona ukikiweka."

Hoyt akaingia majini hadi mapajani, na suruali yake ya Jumapili, akafunga kizibo kwenye boti isiyokihitaji. Aliporudi meno yakigongana alisema ile ilikuwa namna ya kuijaribu boti, kwamba wenye ujuzi hufanya hivyo. Hakuna aliyebishana naye. Verlon akampa taulo lake, na siku iliyofuata Hoyt akaleta koti jipya la kujiokolea, akalining'iniza kwenye mlango wa banda la kina Verlon, akaondoka bila kubisha hodi.

Mwezi wa Aprili, asubuhi yenye ukungu, Verlon na Wynelle walitoka wenyewe. Verlon akasimama mbele. Aligundua kuwa kusimama mbele ni kazi: mguu mmoja uko kwenye kanyagio la mota, mikono iko kwenye fimbo, na upepo una maoni yake. Aligonga kisiki, akagonga kingine, akaomba radhi kwa vyote viwili. Wynelle alikuwa amekaa nyuma na kofia pana, akisoma gazeti la kanisa.

Karibu saa nne mshipi ukakaza. Verlon akapigana, akainama, akamshika besi kwa mdomo na kumnyanyua. Alikuwa wa ratili mbili hivi, hakuna ambaye angekusanyika kumtazama. Verlon alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akainama tena, akamwachia. Samaki akapiga mkia, akapotea.

Wynelle akashusha gazeti. "Umemrudisha?"

"Nimemrudisha."

"Makusudi?"

"Ndivyo tunavyofanya."

Wynelle akakunja gazeti. "Kumbe miaka yote ile, ukitoka nyumbani bado giza, ulikuwa unakuja kuwasalimia tu."

"Karibu hivyo," Verlon akasema.

Wynelle akafungua kisanduku cha barafu, akatoa mkate wenye jibini na pilipili tamu, akamkatia kipande. Wakala. Boti ikasukumwa polepole na upepo hadi kwenye kisiki cha tatu, na hakuna aliyejisumbua kuizuia.