Zedekiah Arudi na Ndege Kaloleni

Alhamisi, saa kumi kasorobo, Adhiambo alikuwa akianua nguo nyuma ya nyumba yake ya Kaloleni, shuka mbili na suruali moja, ingawa zilikuwa bado mbichi. Majirani nao walikuwa wakianua zao. Saa kumi ndege ingepita pale.

"Mama Zedi, mwambie mtoto wako leo afunge ile dawa," alisema Kibibi, jirani yake anayekaanga mandazi. "Jana amenimwagia kwenye unga."

"Mwambie mwenyewe. Kwani mimi ananisikia?"

Zedekiah, mwanawe Adhiambo, alikuwa rubani wa ndege ya kupulizia dawa mashamba ya ngano huko Narok. Mwezi wa nne ndege ilimshinda kuruka. Ilikimbia kwenye tope mpaka mwisho wa kiwanja, ikainuka kimo cha ng'ombe, ikaanguka na kuwaka moto, naye akafa. Kampuni ikaandika kwamba rubani alikosea. Adhiambo aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja, na tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: neno hilo lifutwe.

Kabla ya maziko, Sylvance, baba mdogo wa marehemu, alikwenda Narok na tawi la mti kuichukua roho yake, kama ilivyo kawaida ya kwao. Alisimama pale palipoungua, akamwita jina, akamwambia inuka twende nyumbani. Mtu akichukuliwa hivyo huambiwa pia akiache hapo hapo kilichomuua. Sylvance alikuwa anawahi gari la kurudi, akasahau. Basi Zedekiah akaja na ndege.

Saa kumi injini ikawaka uwanjani karibu na ukumbi wa mtaa. Ndege ya manjano ikakimbia kati ya magoli, ikainuka, ikapita juu ya kamba tupu, kisha ikalala ubavu kwenye majani bila kuumiza hata kuku. Zedekiah akashuka akijipangusa.

"Niaje, mathe. Wamejaza tena."

"Tangi lote la dawa?"

"Lote. Na niliwaambia nusu, kiwanja kina tope."

Alisema hivyo kila siku, na kila siku kipimo cha tangi kilimuunga mkono. Na kwa dawa aliyomwaga, sukuma wiki za mtaa mzima hazikuwa na tundu hata moja.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni, afisa wa kampuni aitwaye Mativo, ambaye Adhiambo alikuwa amemwandikia barua nne kumwita. Mativo akapanda juu ya bawa, akachungulia kipimo, akakipiga picha. Akamuuliza marehemu maswali kumi na mawili, marehemu akayajibu yote. Akanywa chai, akasifu mandazi ya Kibibi, akafungiwa sukuma wiki za kupeleka nyumbani.

"Umeona mwenyewe, baba?" Adhiambo alimuuliza akimsindikiza.

"Nimeona, mama. Limejaa pomoni."

Barua ikafika baada ya wiki mbili. Ilisema uchunguzi umerudiwa kwa makini na rubani alikosea. Chini yake kulikuwa na onyo kwa Zedekiah mwenyewe, kwamba aache kutumia ndege ya kampuni nje ya shughuli za kampuni.

Zedekiah alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Kumbe hawajakufuta kazi," alisema Kibibi. "Si wakupe likizo basi, tuanike nguo?"

Adhiambo naye akacheka, kisha akachukua karatasi akaanza barua ya tano.

Jumamosi ukumbini kulikuwa na harusi. Zedekiah akaigeuza ndege mapema ili asimwagie bibi harusi dawa, ikaanguka taratibu nyuma ya mahema, na akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamuuliza Adhiambo, aliyekuwa akipakua chakula, yule ni nani na mbona hajui kuruka.

"Ni mwanangu," alisema Adhiambo, akimwekea pilau. "Kuruka anajua sana. Ndege ndiyo wameipakia kupita kiasi."

Mzee akaitazama ndege, akaona ni kweli, akaomba pilipili.