Mti wa Mama Haukatwi kwa Panga

Panga lilikuwa likinolewa. Nilisikia jiwe likilia nikiwa bado nje ya ua, nikajua baba mdogo Margwe ameamua kutimiza neno lake la kuukata mti wa mama. Nikaingia mbio.

"Shikamoo, baba mdogo. Mti wa mama haukatwi!"

"Marahaba. Acha mashairi. Jumapili wakwe wa dada yako Rogathe wanatoka Babati, watu wa makao makuu ya mkoa mpya. Waje wakute kuni ndani ya debe?"

Mama alikuwa sebuleni, kando ya debe la mti wake. Ule mti wa mpira alitoka nao Basotu ukiwa kijiti, shamba la ngano lilipopunguza wapishi. Miaka yote ile ya kazi, na hicho ndicho alichorudi nacho. Ili upendeze sebuleni, akawa anaupaka siagi majani yote, kama bibi harusi anavyopakwa kwetu. Vumbi la Katesh likagandia siagi, majani yakapukutika. Juu lilibaki tawi tupu. Chini, majani matatu.

Nilichukua kisu cha jikoni, nikakipitisha motoni.

"Na wewe unaukata?" mama akashtuka.

"Nakata ili uishi, sikati uteketee."

Baba mdogo akacheka. "Darasani ulishindwa, utaweza kwenye debe!"

Nilikata ncha. Kavu. Nikashuka chini kidogo. Kavu tena. Baba mdogo akaguna. Nikashuka hadi karibu na majani, nikakata. Utomvu mweupe ukachuruzika hadi kiganjani mwangu.

"Baba mdogo, wewe umefuga tangu ulipokuwa ukiishi Gendabi. Ng'ombe mwenye maziwa huchinjwa?"

Akautazama ule weupe.

"Hachinjwi," akasema, akaegemeza panga ukutani. "Lakini Jumapili mti ukae nje. Sitaki aibu."

"Hautoki!" nikajibu.

Nikatoboa debe chini kwa msumari, maji yaliyooza yakamwagika. Nikaosha majani kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha nikausogeza mti dirishani. Ulikuwa fimbo tu, unanifika kiunoni.

"Mwanangu, watatucheka," mama akanong'ona.

Mimi sikunong'ona.

"Wacheke! Mama, nakuahidi, na baba mdogo asikie: Jumapili nitawakalisha wakwe kando ya mti huu. Wa kwanza kuuliza nitamwambia ni wako, ulitoka nao Basotu, na uko hai."