Damu Iliyoegemea Kioo

Saa nne asubuhi, umeme ukiwa umetulia, Séphora aliwasha hadubini ya mradi wa utafiti wa damu. Mwanga wake uliingia kwa mshazari, ukarudi chini bila kupenya juu, ukaangaza tu utando wa seli iliyogusa kioo. Seli iliyojitenga hata kidogo ilibaki gizani. Katika maabara ile ya Bunia ni Séphora peke yake aliyejua kuitumia, kwa hiyo hakuwa na wa kuzungumza naye.

Damu aliyoitazama ilikuwa ya Mbusa, muuza maharagwe, aliyekufa kwa homa ya kuvuja damu wiki tano kabla. Seli zake zilikuwa hai bado. Séphora aliandika "hai" kwenye daftari, akaendelea na kazi.

Mjane wa Mbusa, Hortense, alikuja kuulizia shati la marehemu. Mbusa alizikwa na watu waliovaa plastiki; mkewe alisimamishwa mbali, hakumwosha, hakumshika hata mguu. Séphora akamkaribisha aangalie damu ya mumewe. Hortense alipoinama, kidole chake kikagusa ukingo wa kioo, na seli zote zikahamia upande wa kidole, zikajibandika, zikawaka kijani.

"Njo vile alikuwa analala," Hortense alisema. "Upande wangu tu."

Akawa anakuja kila siku. Séphora aliwapisha, akaenda kuosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwegemea yeye hivyo, na alimwonea Hortense wivu, tena wivu wa kweli.

Siku ya nane Hortense aliomba apewe ile damu akaizike. Docteur Adolphe, mkuu wa maabara, alichungulia, akasifu rangi, kisha akatoa karatasi kwenye faili.

"Mama, hii damu iko ya mradi. Alhamisi inaenda Bulaya. Signature ni yako."

"Hiyo karatasi ilikuwa ya Kifaransa, docteur. Nilizania ni ya kupata kitanda ku hospitali."

"Na kitanda mulipata."

Hilo lilikuwa kweli. Hortense akakunja mkono wa blauzi.

"Basi mutoe na yangu. Muiweke pembeni yake."

Adolphe hakukataa, kwani mradi haukuwahi kukataa damu ya Bunia. Séphora alimtoa damu, akaiweka kwenye kioo kingine, akafunga vioo viwili pamoja kwa plasta, akaandika namba juu yake, maana fomu haikuwa na nafasi ya majina.