Sanduku la Tatu na Tano

Katika Budapest nzima, hakuna mtu aliyezishika hali za Hall za kwantumu kwa mkono wake kama mimi. Haya basi, kwa tambara langu. Tena bichi.

Saa moja na nusu asubuhi, nasugua dirisha la ukumbi wa taasisi, kiwiko kikateleza, tambara likapita ubaoni. Kugeuka, sanduku moja la namba limefutika, limekuwa maziwa ya chaki. Na pembeni, kwa herufi za kutisha: USIFUTE. Neno hilo kwa wanafizikia ni altare. Mfagizi hulizunguka miaka, hata buibui hulistahi.

Ubao ulikuwa wa Emőke Szalárdi, aliyekuwa atetee tasnifu yake ya udaktari saa nne siku ileile. Alishanieleza, maskini: elektroni zikibanwa kwenye matabaka membamba, baridi kali, sumaku kali, huacha fujo zikacheza ngoma moja. Ngoma hizo ndizo hali za Hall, na ni nyingi. Yeye kazipanga kwa koo, kila ukoo na sanduku lake la namba. Miaka mitano ya kazi, na mimi na ndoo.

Shule niliishia ya msingi. Lakini sanduku lile nimelitazama majuma mangapi? Nikashika chaki: juu tano na moja, chini moja na tatu. Nikajipongeza.

Saa nne nikaingia na kahawa. Profesa Bodor, mtahini, kaganda mbele ya ubao.

"Binti, kwenye tasnifu yako tatu iko juu, tano chini. Hapa umepindua. Lipi la kweli?"

Nikaanza kuvihesabu vikombe vya kwenye sinia.

Emőke akautazama ubao. Akanitazama mimi, na chaki kwenye aproni yangu.

"Yote mawili, Profesa. Tabaka lipi uliite la kwanza ni hiari yako. Ngoma ni ileile. Ukoo hauulizi nani kakaa mbele."

Mzee akakokotoa kwa kidole hewani, midomo ikichezacheza. "Ukoo mmoja," akasema, akatia saini. Nilipumua mpaka miwani ikaingia ukungu.

Profesa akapokea kikombe, akapuliza. "Umenitega vizuri. Uliligeuza lini?"

"Leo, Profesa. Nimewahi kufika, tangu saa moja."

"Saa moja ipi, mwanangu? Si tumeshuka tramu moja sasa hivi, wewe mkate mdomoni?"