Kila Robo Saa

Saa nne asubuhi mkunga alikuwa peke yake na wanawake tisa, wawili kati yao kitanda kimoja, huyu kichwani, yule miguuni. Wa kitanda cha nne, fundi cherehani, alikuwa na kovu la upasuaji wa uzazi uliopita. Huyo ndiye aliyemkosesha raha.

"Daktari, huyu wa kovu tumpasue mapema," alikuwa ameomba daktari alipopita muda mfupi kabla.

"Chumba cha upasuaji ni kimoja na kina foleni. Njia inafunguka vizuri. Wewe mwangalie kwa karibu. Mapigo ya mtoto kila robo saa." Daktari aliwapitisha macho wanawake wote tisa, akaenda zake.

Mara tatu mkunga aliitimiza robo saa yake. Aliinama, akabana kibomba cha kusikilizia kati ya sikio na tumbo, akahesabu. Moyo ulikwenda vizuri. Kisha kitanda cha saba mtoto akatanguliza miguu. Mama wa namna hiyo haachwi.

"Sista!" fundi aliita. "Panauma hata uchungu ukipoa. Hapa chini, kwenye kovu."

"Nakuja, mama yangu. Dakika mbili tu."

Dakika mbili zikawa arobaini. Mikono ya mkunga ilikuwa kitanda cha saba, masikio yote kitanda cha nne. Alimsikia fundi akiguna, akiguna tena, halafu kimya. Mtoto wa miguu alipotoka akilia, alimlaza kifuani kwa mama yake, akakimbia.

"Uchungu umeacha," fundi alinong'ona, midomo imempauka, jasho la baridi likimtiririka. "Kitu kimefumuka ndani, sista. Nimekisikia."

Mkunga alikandamiza kibomba. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Chini ya kiganja alimgusa mtoto waziwazi, goti na kisigino, kana kwamba kilichomfunika kilikuwa shuka tu.

Alikisukuma kitanda mwenyewe hadi mlango wa upasuaji, akaupiga mateke.

Saa tisa, fundi alikuwa hai, bila mtoto, bila kizazi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Metroni alimwita mkunga ofisini, akafunga mlango, akamsogezea fomu ya uchungu ya fundi.

"Kuna pengo hapa. Saa nne na nusu hadi saa tano na robo. Jaza."

"Sikumsikiliza, metroni. Nilikuwa na yule wa miguu. Niandike kwamba nilikuwa peke yangu?"

"Hayo hayana pa kuandikwa, mwanangu. Kuna sehemu ya mapigo na sehemu ya sahihi yako. Wakaguzi wakikuta pengo, watauliza ni la nani."

Mkunga alishika kalamu. Akaandika mia moja arobaini. Robo saa iliyofuata, mia moja thelathini na sita. Iliyofuata, mia moja arobaini na nne. Alizipandisha na kuzishusha kidogo kidogo, jinsi unavyokwenda moyo wa mtoto mzima.