Katapila Lililoposwa

...alinyamaza, kwa hivyo aliridhia, ndivyo alivyosema Athmani jirani yao, mbele ya hakimu, kisha akaketi na kuiweka sawa kofia yake kama mtu aliyemaliza kazi njema, na Mwanakuu, kwenye benchi la nyuma ndani ya buibui lake, akajiuliza, kuridhia nini, jamani, kwani katapila lilimposa? wanawali ndio huulizwa nyuma ya pazia, wakinyamaza wakahesabiwa wamekubali, na hata sharia hiyo hiyo yataka mwanamke aliyekwisha kuolewa atamke kwa kinywa chake, na yeye ameolewa mara mbili, ana mjukuu anayeota meno, leo ndiyo amerudishwa uwari kwa ajili ya chuma... "Bi Mwanakuu," hakimu aliita, "siku nduguyo Zein alipokuja nyumbani na Taib mnunuzi, ukaulizwa liuzwe au lisiuzwe, ulijibu nini?" vichwa vyote vikageuka, alijibu nini, hakujibu, hilo ni kweli na ndilo linalomkaba, lakini katapila lile ni la baba yao, Mzee Gharib, alilinunua kuukuu kwa jeshi vita vilipokwisha, likipanda kilima likikohoa kama mgonjwa wa pumu, akafa akawaachia wao wawili, nalo ndilo linalosawazisha viwanja Ganjoni, ndilo linaloleta unga na mafuta ya taa nyumbani kwake Bondeni, likienda kwa Taib yeye atakula nini, atakula heshima? ndiyo sababu Taib alipoleta watu wake kulichukua hawakuiona hendeli ya kuliwashia, nayo ipo, chini ya kitanda chake, imeviringwa kanga, na Taib akaja kushitaki... "Mbona yuwanyamaza?" Taib alinong'ona kwa sauti ya kusikiwa na wote, "yuwataka na mahari?" mtu akacheka, akanyamazishwa... siku ile pazia la mlango wa ndani lilikuwa limeshushwa, wanaume barazani, Athmani akiwamo, yeye ndani, sauti ya Zein, "Dada, tuliuze?" na shavu lake limejaa tambuu, mate mekundu yamefika ukingoni mwa midomo, kusema ni kujimwagia kifuani, kutema chini kama mlevi hawezi, akapapasa kopo la kutemea chini ya kiti, halipo, "Dada?" akapapasa kitandani, halipo, "Dada, tumekuuliza mara tatu," alipoliona kopo lilikuwa uani, karibu na kisima, na aliporudi kinywa kitupu baraza ilikuwa tupu pia, wamekwisha kwenda zao kuandikiana... uani, nani alilipeleka uani, kopo lile halijaondoka chini ya kiti tangu mamake yu hai, na tambuu yenyewe, hebu ngoja, tambuu yenyewe, yeye hutafuna baada ya isha, watu wamelala, ile ilikuwa mchana, ile ilipitishwa kando ya pazia wageni wangali wanavua viatu, nene, imebanwa kwa karafuu, chokaa imezidi, na mkono ulioishika ulikuwa wa Zein, Zein asiyeijua tambuu, Zein anayeziba pua akilisikia kopo likilia, "Tafuna, dada, nimekukunjia mwenyewe," naye akamwombea dua, Mola wangu, akamwombea dua! mdogo wake, aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa mgonjwa, aliyemfundisha kufunga vifungo vya kanzu, alikaa mahali fulani akakunja jani, akapima ukubwa wa kinywa cha dadake... akamtazama, pale mbele, ameinamisha kichwa, anaangalia vidole vyake, mpole kama bwana harusi... "Bi Mwanakuu, mahakama inakungoja," karani amekwisha kuchovya kalamu, ameiegemeza juu ya karatasi, na Athmani anamtikisia kichwa hakimu, mwaona, ndiyo desturi yake, na Zein, pole pole, akaanza kupumua kama mtu aliyevuka... Mwanakuu akaupitisha ulimi juu ya meno, shavu hili, kisha shavu lile, kinywani hamna kitu.